Kuti Kavu la Ikon Park

Hoja: Klabu ya Carlton ya jiji la Melbourne, ya mpira wa Kiaustralia (AFL), yenye makao Ikon Park, imeamua kwamba Michael Voss ataendelea kuifundisha mwaka 2026, ambao ndio mwaka wa mwisho wa mkataba wake, ingawa msimu wa 2025 umeisha kwa ushindi tisa na vipigo 14. Je, imefanya sawa? Wanaojibizana ni mwanachama wa klabu, kocha msaidizi mstaafu, na mhasibu anayezijua hesabu za ligi. Oktoba 2025.

MWANACHAMA: Mimi naanzia Machi, maana mwaka mzima ulikuwa pale pale. Mechi ya kwanza ya msimu, uwanja wa MCG, tunacheza na Richmond waliotoka kuburuta mkia 2024, timu imejaa watoto. Tunawaacha kwa pointi 41. Mwisho wa mchezo wao 82, sisi 69. Ikafuata Hawthorn, kisha Western Bulldogs, kisha Collingwood. Nne kwa nne, tumelala zote. Kupoteza mechi moja ukiwa unaongoza ni mkosi. Hawa walicheza vizuri nusu ya kwanza na kukata pumzi nusu ya pili, tena na tena, na kila baada ya mechi tukaambiwa jambo hilo linafanyiwa kazi. Kocha aliyelijua kosa tangu Machi na kufika nalo Agosti, mwaka ujao atarekebisha nini?

KOCHA: Mama, umeanzia ulipotaka, na mimi niruhusu nianzie ninapotaka. Juni 2023. Carlton wamecheza mechi 13: ushindi nne, sare moja, vipigo nane, sita kati ya hivyo mfululizo. Wako nafasi ya 15. Maneno unayoyasema leo ndiyo yaliyosemwa wakati ule, tena kwa sauti kubwa zaidi. Klabu ikanyamaza, ikamwacha mtu afanye kazi. Wakashinda tisa mfululizo, wakamaliza wa tano, wakawatoa Sydney, wakaitoa klabu ya Melbourne, wakacheza nusu fainali ya kuingia fainali kuu kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2000. Kocha yule yule, wachezaji wale wale. Wangemtimua Juni ile, huo ushindi tisa ungetoka wapi?

MWANACHAMA: Sydney tuliwatoa kwa pointi sita, Melbourne kwa mbili. Unajua mwenyewe katika mchezo huu pointi mbili ni nini: mguso wa kidole. Halafu tukaenda Brisbane tukafungwa. Sawa, ule ulikuwa mwaka mzuri, sibishi, nililia kama wengine. Lakini hesabu kuanzia hapo, Mwalimu. 2023 wa tano. 2024 wa nane. 2025 wa kumi na moja. Ngazi tunaishuka kwa hatua tatu tatu, na wewe bado unanionyesha tulikoanzia.

MHASIBU: Mkinipa nafasi kidogo, hata huo unane wa 2024 hatukuushika kwa mikono yetu. Katikati ya msimu Carlton walikuwa wa pili kwenye msimamo. Wiki ya mwisho wakapoteza kwa St Kilda kwa pointi mbili, wakabaki wanasubiri matokeo ya wengine. Fremantle wakafungwa na Port Adelaide, ndipo mlango ukafunguka. Kisha Carlton wakaenda Brisbane kwenye mtoano na kabla hawajafunga chochote ubao ulikuwa unasoma 60 kwa sifuri.

KOCHA: Kikosi cha siku ile kilikuwa cha majeruhi. Na 2025 tumeanza vipi? Jagga Smith, kijana aliyechaguliwa wa tatu nchi nzima kwenye drafti, ule mgawo wa vijana kwa klabu, yule aliyetakiwa aje kuongeza miguu pale kati, alikata mshipa wa goti Februari kabla hata msimu haujaanza. Hakucheza hata dakika moja. Hilo nalo ni la Voss?

MWANACHAMA: Goti si lake. Mfumo ni wake. Ngoja nikueleze ninachokiona kutoka jukwaani, wewe mtaalamu utanisahihisha. Mwamuzi anarusha mpira. Wanarundikana watu sita. Cripps wetu anaingia katikati yao, anatoka nao, hakuna mtu Australia anayefanya kazi ile kumzidi. Anaupiga kwa ngumi kwenda kwa mwenzake Walsh. Mpaka hapo sisi ndio bora. Halafu mpira unapigwa juu, mrefu, kumtafuta mshambuliaji wetu McKay, na McKay yuko mmoja na mabeki watatu. Hata akiruka namna gani, mpira unapigwa ngumi unaanguka chini. Hapo chini wetu ni nani? Hakuna. Mabeki wanaokota, wanakimbia uwanja mzima, tunafungwa upande wa pili. Nimeliona hilo Aprili, nimeliona Juni tulipofungwa na North Melbourne, nimeliona Agosti. Mimi sijawahi kufundisha hata timu ya mtaa na nimeliona.

KOCHA: Umeliona vizuri. Nisikudanganye, umeliona vizuri. Ila unajua kwa nini hapo chini hakuna mtu? Kwa sababu kwa miaka kadhaa klabu ilijenga timu kwa watu warefu na watu wazito, na hela nyingi zikaenda kwao. Washambuliaji wadogo wenye kasi hawakununuliwa vya kutosha. Kocha anapanga alionao. Wanaonunua wana ofisi yao.

MWANACHAMA: Na kocha haketi kwenye ofisi hiyo?

KOCHA: Anaketi. Hana kura ya mwisho.

MHASIBU: Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu hii klabu ina historia ya kumlipisha kocha deni la ofisi. Mnaikumbuka 2002? Ligi iligundua kwamba Carlton walikuwa wanawalipa wachezaji nje ya vitabu, juu ya kikomo cha mishahara. Faini ilikuwa karibu dola 930,000 za Australia, lakini faini ilikuwa maumivu madogo. Walinyang'anywa chaguo zao za juu kwenye drafti za 2002 na 2003. Katika ligi ambayo anayeshika mkia ndiye anayepewa kijana bora, wao walishika mkia kwa mara ya kwanza katika historia yao na kijana hawakupewa. Wakashika tena 2005, wakashika tena 2006. Nani aliyelipa? Wayne Brittain alitimuliwa 2002. Denis Pagan, aliyekuja na mataji mawili aliyoyatwaa North Melbourne, 1996 na 1999, akatimuliwa 2007. Watu wenye kalamu walifanya yao, wenye filimbi wakafungashiwa virago.

KOCHA: Endelea na orodha, usiishie njiani.

MHASIBU: Brett Ratten, 2012. Mick Malthouse, 2015. Brendon Bolton, 2019. David Teague, 2021. Tangu 2002 ni sita. Voss ni wa saba.

KOCHA: Na taji la mwisho ni 1995. Klabu yenye mataji 16, sawa na Essendon na Collingwood, haijacheza fainali kuu tangu 1999. Mama, kama kutimua kungekuwa dawa, mgonjwa huyu angekuwa amepona zamani. Mtazame Ratten. 2009 aliwaingiza kwenye mtoano. 2010 akawaingiza. 2011 akawaingiza, wakatolewa na West Coast kwa pointi tatu. 2012 majeruhi wakamwandama, akamaliza wa kumi. Wakasema huyu amefika mwisho wa uwezo wake, tunataka mtu wa kutupa kombe, wakamleta Malthouse mwenye mataji matatu. Mwaka 2015 Malthouse akavunja rekodi ya kufundisha mechi nyingi kuliko kocha yeyote katika historia ya mchezo huu, na kabla mwezi haujaisha wakamtimua. Mwaka ule Carlton wakamaliza wa mwisho. Hiyo ndiyo bei ya kumwondoa mtu aliyewafikisha kwenye mtoano miaka mitatu mfululizo.

MWANACHAMA: Ratten alionewa. Nilisema wakati ule na nasema leo. Lakini kumwonea Ratten hakumgeuzi Voss akawa Ratten. Hii ndiyo hila ya hoja yenu: kwa kuwa tumewahi kutimua vibaya, basi tusitimue tena. Mtu aliyewahi kuoa vibaya mara sita haruhusiwi hata kudai talaka ya saba?

KOCHA: Anaruhusiwa. Ila tungemwomba kwanza atueleze anachaguaje.

MWANACHAMA: Nakubali. Basi tuzungumzie hilo la kuchagua, maana nyie mnaotaka abaki mna majina mawili tu mnayoyazunguka siku zote. Hardwick na Thompson, Hardwick na Thompson. Haya, leteni.

KOCHA: Naleta, na kwa kirefu, kwa sababu watu wanayataja bila kueleza. Geelong 2006 walimaliza wa kumi wakitarajiwa ubingwa. Klabu ikafanya tathmini, ikambakiza Mark Thompson. 2007 wakachukua kombe lao la kwanza tangu 1963, kwa tofauti ya pointi 119 dhidi ya Port Adelaide. Richmond 2016 walishinda nane tu, wa 13. Kikazuka kikundi cha kutaka kuing'oa bodi, kelele kila kona, Damien Hardwick aende. Bodi chini ya rais Peggy O'Neal ikakataa. Sasa sikiliza walichofanya, kwa sababu hawakukaa tu kusubiri. Walibadili waliomzunguka. Wakamleta Neil Balme kusimamia idara nzima ya mpira. Wakaleta wasaidizi wapya, Blake Caracella na Justin Leppitsch. Wakaongeza wachezaji: Prestia, Caddy, Nankervis. 2017 wakachukua ubingwa baada ya miaka 37. Wakaongeza wa 2019 na wa 2020. Carlton sasa hivi wanafanya nini? Wamemleta Chris Davies kutoka Port Adelaide aongoze idara ya mpira. Mkurugenzi mtendaji ni mpya. Kocha ni yule yule. Mnaona mfano?

MHASIBU: Mwalimu, mfano tunauona, lakini una kasoro ya kihesabu. Tunamkumbuka Hardwick kwa sababu alishinda. Waliobakishwa wakashindwa hakuna anayewasimulia. Ukitaka kujua kama kumbakiza kocha kunafaa, lazima uwahesabu wote.

MWANACHAMA: Nikusaidie kumhesabu mmoja. Adam Simpson, West Coast. Bingwa wa 2018, mtu anayependwa. 2022 akashinda mechi mbili. 2023 akashinda tatu, na kati ya alizopoteza kuna ile ya Sydney, 205 kwa 34. Tofauti ya 171! Wakambakiza, kwa maneno haya haya ya subira na uthabiti. Julai 2024 akaondoka katikati ya msimu. Wakapoteza mwaka mzima ili kufika pale ambapo kila mtu alikwisha kupaona.

KOCHA: Na baada ya kuondoka?

MWANACHAMA: Baada ya kuondoka wakaajiri mwingine.

KOCHA: Andrew McQualter. Msimu wa 2025, mechi 23, ameshinda ngapi?

MWANACHAMA: ...

MHASIBU: Moja.

KOCHA: Simpson, hata katika mwaka wake mbaya kuliko yote, alishinda mbili. Silaumu McQualter, kocha mzuri tu, kakuta nyumba imebomoka. Ninachosema ni kwamba nyumba ilibomoka kwa kizazi cha mabingwa kuzeeka pamoja, na hakuna jina utakaloliandika mlangoni likawarudishia ujana.

MWANACHAMA: Ala! Basi sasa ni zamu yangu ya mfano mzuri, kwa sababu wewe umekwepa ulio karibu kuliko yote, maili chache kutoka Ikon Park. Collingwood 2021 walimaliza wa 17. Nathan Buckley akaondoka katikati ya mwaka. Wakamchukua Craig McRae. 2022, wachezaji karibu wale wale, wakafika hatua ya mwisho kabla ya fainali kuu na kutolewa kwa pointi moja. 2023 mabingwa. Eleza hilo kwa hoja yako ya nyumba iliyobomoka.

KOCHA: Siwezi kulieleza lote. McRae aliwabadilishia mwendo wa mpira, wakaacha woga, wakaanza kukimbia nao katikati ya uwanja badala ya kupita pembeni. Nakupa hilo.

MWANACHAMA: Na umenipa zaidi ya unavyodhani. Kwa sababu ndicho kitu kile kile kinachotusumbua sisi: mwendo wa mpira.

(Kwa wasioufahamu mchezo: kila upande una milingoti minne. Mpira ukipita kati ya miwili ya katikati ni goli, pointi sita; ukipita kati ya mlingoti wa ndani na wa nje ni pointi moja ya pembeni. Agosti 21, 2022, mechi ya mwisho ya msimu wa kwanza wa Voss, Carlton walifunga magoli 10 na pointi za pembeni 14, jumla 74. Collingwood ya McRae magoli 11 na za pembeni 9, jumla 75. Sare ingetosha kuwaingiza Carlton kwenye mtoano. Carlton hiyo iliyokuwa imeshinda nane kati ya kumi za mwanzo ilipoteza zote nne za mwisho, na ikabaki nje kwa asilimia ya pointi. McRae na Voss walicheza pamoja Brisbane, wakatwaa pamoja mataji matatu, 2001, 2002 na 2003. Voss alikuwa nahodha. Leppitsch aliyetajwa juu alikuwemo pia. Mambo ya ligi hii yana udugu mwingi kuliko inavyokubaliwa.)

MHASIBU: Mkishamaliza mifano ya watu, kuna swali ambalo mimi ndilo linaloninyima usingizi. Wachezaji wanaondoka. Tom De Koning kaenda St Kilda akiwa huru. Jack Silvagni kaenda St Kilda akiwa huru. Charlie Curnow, mfungaji bora wa ligi mara mbili mfululizo, 2022 na 2023, mwenye mkataba hadi 2029, ameomba mwenyewe kuondoka, na sasa yuko Sydney. Huyo si mtu ambaye mkataba wake umeisha akafuata hela. Huyo aliomba.

MWANACHAMA: Mtaje Silvagni polepole, tafadhali. Babu Sergio alitwaa mataji na klabu hii. Baba Stephen alichaguliwa beki wa mwisho wa timu ya karne ya mchezo mzima. Jack amezaliwa ndani ya jezi ile. Na ameondoka. Hamwoni ni ujumbe?

KOCHA: Ujumbe wa nini? De Koning alipewa fedha ambazo Carlton hawangeweza kuzilipa bila kubomoa hesabu zao. Mwenzetu mhasibu anajua. Ndiyo maana ya kikomo cha mishahara: ukimpa mmoja mkate mzima, wengine wanakula makombo.

MHASIBU: Kwa De Koning nakubaliana nawe. Kwa Curnow sikubaliani. Lakini acha niseme kingine, maana kumwuza Curnow kumebadilisha swali lenyewe na naona mnajibizana kana kwamba hajaondoka. Sydney wametupatia Ollie Florent na Will Hayward, na chaguo za mzunguko wa kwanza zikiwemo za miaka ijayo. Maana yake klabu imekiri, bila kutamka, kwamba kombe halitafutwi kesho. Inajenga tena. Na inajenga ikikimbizana na saa, kwa sababu Tasmania inaingia 2028 ikiwa klabu ya 19, na kabla ya hapo watapewa upendeleo mkubwa kwenye drafti. Chaguo zetu ni za kutumia vizuri sasa. Je, kazi ya kujenga miaka mitatu unampa mtu mwenye mkataba wa mwaka mmoja?

KOCHA: Kwa nini usimpe?

MHASIBU: Kwa sababu anajua kuhesabu. Jiweke wewe. Una miezi kumi ya kuokoa kibarua. Wiki ya tano umepoteza tatu. Unaye Jagga Smith anayetoka kuumwa goti, anahitaji dakika, anahitaji kukosea. Unaye mkongwe wa miaka 31 ambaye hatakuwepo siku ya kombe lakini Jumamosi hii hataharibu mpira. Unampanga nani?

KOCHA: Mkongwe.

MHASIBU: Mkongwe. Kila kocha duniani angempanga mkongwe. Kwa hiyo klabu inajenga upya huku mpangaji wa kikosi ana kila sababu ya kutojenga. Ama mwongezeeni mkataba apumue, ama mwacheni aende. Hili la katikati ndilo ghali kuliko yote, hata kama kwenye vitabu linaonekana rahisi. Tena ligi inaminya: wakati wa korona, kikomo cha matumizi ya idara ya mpira kilikatwa kutoka takribani dola milioni 9.7 hadi 6.2 kwa mwaka 2021, na anayekipita hutozwa. Siku hizi huwezi kumwaga hela kurekebisha uamuzi mbovu kama zamani.

KOCHA: Umenibana, nakiri si hoja nyepesi. Lakini unamchora Voss kama mtu asiye na historia. Huyu ametimuliwa. Brisbane, Agosti 2013, klabu aliyoinyanyulia makombe matatu, alipewa barua msimu haujaisha.  Akaenda Port Adelaide kuwa msaidizi, 2015 mpaka 2021, miaka saba ya kubeba mbao na kuchora mishale ya watu wengine. Mtu wa namna hiyo haogopi kama unavyomwogopea. Na tazama Brisbane walichopata baada ya kumtimua. Wakamchukua Leppitsch: wa 15, wa 17, wa 17. Kisha Chris Fagan, ambaye hakuwahi kucheza hata mechi moja ya ligi kuu. Mwaka wake wa kwanza, 2017, wa mwisho kabisa. Mwaka wa pili wa 15. Hapa Melbourne angekuwa ameshaondoka. Kule wakatulia. Wa tatu, 2019, wakamaliza wa pili. Wakafeli kwenye mtoano mwaka baada ya mwaka, wakatulia. 2024 mabingwa kwa pointi 60 dhidi ya Sydney, na mwezi uliopita mabingwa tena kwa 47 dhidi ya Geelong. Hiyo ndiyo subira ninayoizungumzia.

MWANACHAMA: Fagan alikuta timu ya mwisho akaipandisha. Voss alikuwa na timu ya tano akaishusha. Hizo subira mbili hazifanani, Mwalimu. Ya kwanza unamngoja anayepanda. Ya pili unamngoja anayeteremka ageuke.

KOCHA: 2023 aligeuka.

MWANACHAMA: Akiwa na Curnow.

KOCHA: ...Akiwa na Curnow.

MHASIBU: Mama, nikugeukie na wewe, usije ukaondoka salama. Umemtimua Voss leo. Oktoba. Makocha wanaotafutwa wamekwisha kupata kazi. Melbourne walimwondoa Simon Goodwin, bingwa wao wa 2021, tangu mwanzoni mwa Agosti, wakawa wa kwanza sokoni. Wewe unaingia sokoni magenge yanafungwa. Unamchukua nani?

MWANACHAMA: Hilo la Oktoba limesababishwa na wao waliokaa kimya hadi Oktoba. Mimi nilisema Juni.

MHASIBU: Kusema kwako Juni hakuniambii utamchukua nani.

MWANACHAMA: Sina jina. Mimi ni mwanachama, nalipa kadi, niko na wenzangu zaidi ya 100,000. Hatulipi ili sisi ndio tutafute kocha. Kuna watu wanalipwa kwa kazi hiyo, na ndio ninaowadai. Nikikosa jina la daktari mpya haina maana huyu wa sasa anatibu.

KOCHA: Lakini Mama, hao unaowadai ni wapya. Rais aliyekuwapo aliachia ngazi Januari. Mkurugenzi mtendaji, Graham Wright, ameingia mwaka huu kutoka Collingwood, na Collingwood ndiyo hiyo hiyo uliyotusifia hapa, alikuwepo McRae alipochaguliwa. Mtu anayejua kuchagua kocha ameangalia, akapima, akasema Voss abaki. Huwezi kumsifia kwa lile na kumkataa kwa hili.

MWANACHAMA: Naweza, kwa sababu hakumchagua Voss. Mkataba huu wa kufika 2026 ulisainiwa 2024, Wright hajakanyaga Ikon Park. Amemkuta ndani ya nyumba, Mwalimu. Hata Davies ni hivyo hivyo, yeye na Voss wamewahi kuwa pamoja Port Adelaide miaka yote ile. Utamwambiaje mtu uliyemjua kwa muda wote huo kwamba kibarua kimeota nyasi?

KOCHA: Pengine ni rahisi zaidi. Anamjua. Hatahitaji tathmini ya miezi sita wala kamati ya watu wa nje kama ile iliyomwondoa Teague. Atamtazama machoni wiki ya kumi na atajua.

MWANACHAMA: Wiki ya kumi! Kwa hiyo hata wewe unayetaka abaki una tarehe yake mfukoni.

KOCHA: Kila kocha ana tarehe. Tofauti ni nani anayeijua.

MHASIBU: Basi iandikwe. Kama Mei timu inapigiwa mipira ile ile mirefu kwa McKay peke yake, kama Smith yuko benchi na mkongwe yuko uwanjani, aende, na msimu upewe kocha wa muda ukiwa bado na mechi za kutosha kuwatazama vijana. Kama mwendo umebadilika, hata wakiwa wa 12, aongezewe miaka miwili siku hiyo hiyo bila kungoja Septemba. Mnaweza kusaini hapo wote wawili?

KOCHA: Mimi nasaini.

MWANACHAMA: Mimi sisaini. Msimu unaanza Machi. Mei ni mechi kumi nyingine za watoto wetu kujifunza mfumo ambao nusu ya klabu inaamini utatupwa.